Upungufu wa alfa usiokuwepo: jinsi ratiba ya kunakili DNA ilivyopotosha hesabu ya jeni Mtwara

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinahusu timu ndogo ya utafiti mjini Mtwara iliyokuwa ikichunguza watoto 24 wenye selimundu, waliotoka kliniki za mikoa ya Mtwara na Lindi. Majina ya watu, vituo na tarehe yameondolewa, na baadhi ya idadi zimezungushwa ili asitambulike mtoto wala mtumishi.

Lengo la kazi lilikuwa la kitabibu. Binadamu kwa kawaida ana jeni nne za alfa za himoglobini: HBA2 na HBA1 kwenye kila kromosomu 16. Katika pwani ya Afrika Mashariki ni kawaida sana kukuta mtu amerithi kromosomu iliyopoteza moja kati ya hizo, mara nyingi kwa kukatika kipande cha jozi-besi 3,700 (jozi-besi ni jozi moja ya herufi za DNA). Mtoto mwenye selimundu aliyepungukiwa alfa huwa na chembe nyekundu zisizovunjika haraka kama za wenzake, himoglobini yake hupanda kidogo, hatari ya kiharusi hupungua, na MCV yake, yaani wastani wa ujazo wa chembe nyekundu, huwa chini.

Hilo la MCV ndilo lililofanya swali liwe la kila siku kliniki. Haidroksiyurea, dawa ya selimundu, huinua MCV, hivyo mhudumu anayeona MCV haijapanda baada ya miezi kadhaa humuuliza mzazi kama mtoto anameza dawa. Kwa mtoto mwenye upungufu wa alfa namba hiyo huanzia chini, na usomaji wake unatakiwa uzingatie hivyo. Mtoto akiandikiwa upungufu asionao, MCV isiyopanda inaweza kusamehewa kwa sababu isiyo ya kweli, huku dawa inabaki kwenye chupa nyumbani.

Kila mtoto alitolewa damu mililita 2 kwenye chupa ya EDTA, yenye kizuia damu kuganda. DNA ilichujwa Mtwara, ikapelekwa maabara ya nje kusomwa kwa vipande vya besi 150 vya jozijozi, kwa kina cha 6. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, kila mahali kwenye jenomu pamefunikwa na vipande sita vilivyosomwa. Ni kina kidogo, kilichochaguliwa kwa ajili ya bajeti. Maktaba za DNA ziliandaliwa kwa njia inayopitia PCR, yaani kurudufisha vipande vya DNA mara nyingi.

Fedha za kusomesha watoto wasio wagonjwa hazikuwepo. Timu ikachukua sampuli 12 za watu wa Webuye, Kenya, kutoka hazina ya wazi ya 1000 Genomes, ambayo mwaka 2022 ilichapishwa upya kwa kina cha 30. Mafaili ni makubwa, takribani gigabaiti 15 kila moja, hivyo yalishushwa usiku kidogo kidogo na kupunguzwa hadi kina cha 6 ili yalingane na ya watoto. Hoja ya kuchagua Webuye ilikuwa ya ukoo: kati ya makundi 26 ya hazina hiyo, hilo ndilo la Afrika Mashariki. Hakuna aliyeuliza DNA ya watu hao 12 ilitoka kwenye seli za aina gani.

Ratiba ya kunakili DNA, kwa kadiri kisa kinavyoihitaji

Seli ya binadamu ikigawanyika, kwanza inanakili jozi-besi bilioni 6 hivi. Kazi hiyo hufanyika katika hatua S, kwa takribani saa 8 za mzunguko wa saa 24. Uma wa kunakili, yaani mahali nyuzi mbili za DNA zinapoachana na kunakiliwa, husogea jozi-besi 1,000 hadi 2,000 kwa dakika. Kama kromosomu 1, yenye jozi-besi milioni 248, ingeanza kunakiliwa mahali pamoja tu katikati na kuelekea pande zote mbili, ingemaliza baada ya siku zaidi ya 40. Kwa hiyo seli hutumia makumi ya maelfu ya vianzio, na vianzio hivyo haviamki kwa pamoja.

Kabla ya hatua S, protini za ORC, CDC6 na CDT1 hupachika pete za MCM kwenye DNA. Hiyo ni leseni tu. Kunakili bado hakujaanza. Kianzio huwashwa pale vimeng'enya DDK na CDK vinapokipachika fosfeti na kukiitia CDC45 na wenzake. Protini hizo za kuwashia ni chache kuliko vianzio vyenye leseni, kwa hiyo kuna kugombania. Maeneo yenye jeni nyingi, GC nyingi (yaani herufi G na C) na kromatini, DNA pamoja na protini zake, iliyofunguka hupata kwanza. Maeneo yaliyobanwa pembezoni mwa kiini hungoja, na protini ya RIF1 huyashikilia kwa kumleta PP1, kimeng'enya kinachoziondoa fosfeti ambazo DDK imezipachika. Maeneo yanayonakiliwa pamoja huwa na urefu wa jozi-besi laki kadhaa hadi zaidi ya milioni. Kwa mwanamke, kromosomu X iliyozimwa ni miongoni mwa za mwisho.

Ratiba hii inatawaliwa na DNA yenyewe kwa ngazi kadhaa, na eneo la himoglobini ndilo darasa zuri kuliko yote. Nguzo, yaani kundi, la jeni za beta za himoglobini kwenye kromosomu 11 hunakiliwa mapema katika seli zinazozaa chembe nyekundu, lakini katika limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, hunakiliwa kwa kuchelewa. Wagonjwa wa aina moja ya thalasemia, ugonjwa wa kurithi wa himoglobini, waliokatika kipande kikubwa kilichobeba swichi kuu ya nguzo hiyo, walionyesha kwamba kipande hicho kikiondoka eneo zima huchelewa hata ndani ya seli za ukoo wa chembe nyekundu. Nguzo ya alfa ina tabia nyingine: iko karibu na ncha ya kromosomu 16, penye GC nyingi na jeni zilizosongamana, na hunakiliwa mapema katika seli za kila aina.

Chini ya swichi kubwa kama hiyo kuna tofauti ndogondogo za kurithi. Mwaka 2014 uchambuzi wa watu 161 wa 1000 Genomes ulipata maeneo 16 ambako herufi za DNA alizorithi mtu huendana na kuwahi au kuchelewa kwa eneo la karibu. Mwaka 2021 uchambuzi wa seli shina za watu 349 ulipata maeneo 1,617 ya namna hiyo. Kilichowezesha kazi ya 2014 ni jambo rahisi. Seli zikiwa zinakua, yaani zinaendelea kugawanyika, eneo linalowahi huwa tayari lina nakala za ziada katika seli nyingi, basi likisomwa hutoa vipande vingi kuliko eneo linalochelewa. Kina cha usomaji peke yake kinachora ratiba. Mchoro huohuo ndio uliojificha ndani ya sampuli za ulinganisho za Mtwara.

Ukubwa wake unakadirika. Katika seli zinazokua bila kukoma, uwiano wa nakala kati ya eneo la kwanza kabisa na la mwisho kabisa ni 2 kwa kipeo cha saa za hatua S zikigawanywa kwa saa za mzunguko. Kwa 8 na 24 ni 1.26. Ukilinganisha na wastani wa jenomu nzima, eneo linalowahi kabisa huzidi kwa asilimia 12 hivi, na linalochelewa kabisa hupungua kwa asilimia 11. Zikiwemo seli zilizopumzika, tofauti hupungua. Seli nyeupe zilizokomaa za damu, ambazo ndizo hutoa DNA kwenye chupa ya EDTA, karibu zote hazinakili chochote. Mstari wao umenyooka.

Mpangilio wa matukio

Hesabu ya kwanza ilifuata njia ya kawaida. Jenomu iligawanywa madirisha ya jozi-besi 1,000, kina cha kila dirisha kikagawanywa kwa wastani wa sampuli husika, kisha kwa kiwango cha kati cha sampuli 12 za ulinganisho. HBA1 na HBA2 zinafanana mno, kiasi kwamba programu ya kupanga vipande mara nyingi haiwezi kujua kipande ni cha ipi na hukipa alama 0 ya uhakika. Timu ilijua hilo. Haikuweka kichujio cha alama kwenye eneo hilo. Ilihesabu vipande vya jeni zote mbili kwa pamoja. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na bila huo eneo lingebaki karibu tupu.

Kwa matarajio, mwenye jeni nne angepata 1.0, mwenye tatu 0.75, mwenye mbili 0.5. Mpaka uliwekwa 0.85: aliye chini yake anaandikwa ana upungufu. Watoto 20 kati ya 24 waliangukia chini.

Jambo hilo halikumshtua mtu. Upungufu wa alfa umejaa pwani, na matokeo yalionekana kuthibitisha kinachofahamika. Rasimu ya orodha ilikuwa tayari kwenda kliniki.

Aliyeisimamisha ni mtaalamu wa maabara aliyezoea kuziona damu za watoto hao kila mwezi. Alichukua orodha, akaandika MCV ya kila mtoto pembeni, ile ya kabla ya kuanza haidroksiyurea. Watoto kadhaa walioandikwa "upungufu" walikuwa na MCV ya 88 hadi 92, ambayo si ya chini. MCV peke yake haikatai upungufu, kwa sababu chembe changa nyingi huipandisha kwa mgonjwa wa selimundu, na ukosefu wa foleti pia huipandisha. Ila ilikuwa vigumu kuamini kwamba zote hizo zilikuwa za watoto waliopungukiwa alfa.

Wakati huohuo mchambuzi wa takwimu alikuwa na jambo lake. Alipochora kromosomu nzima kwa madirisha ya jozi-besi 100,000, aliona mawimbi: vilima na mabonde ya urefu wa jozi-besi laki kadhaa hadi milioni chache, mahali palepale kwa watoto wote 24. Programu ya kutafuta mabadiliko ya idadi ya nakala ilikuwa imeyahesabu mawimbi hayo kama mamia ya vipande vilivyopotea au kurudufiwa kwa kila mtoto. Eneo la alfa lilikuwa bondeni, na eneo la beta lilikuwa juu kidogo, karibu na 1.1.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzuia orodha isitoke. Wazazi waliokuja kuulizia waliambiwa na muuguzi, "Mama, majibu ya awali hatuyatoi mpaka yapimwe kwa njia ya pili." Hakuna faili la mtoto lililoguswa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kushughulikia kiwango cha GC, na hapa timu ilipoteza muda mwingi. Dhana ilikuwa na msingi. Maktaba za watoto zilipitia PCR, za Webuye hazikupitia, na PCR hudhoofisha vipande vyenye GC nyingi sana, kama vya eneo la alfa. Walilainisha kina kwa kiwango cha GC, kila sampuli kivyake, kwa mstari wa LOESS, yaani mstari unaopindika kufuata data. Mawimbi yalipungua lakini hayakuisha.

Ugumu wake ni kwamba GC na ratiba huenda pamoja: penye GC nyingi ndipo panapowahi kunakiliwa. Kusahihisha GC hufuta sehemu ya ratiba na kukuachia nyingine, na mchambuzi asiyeifahamu ratiba hudhani kilichobaki ni GC isiyosahihishwa vizuri, akakaza zaidi. Ukikaza sana unaanza kufuta hata mabadiliko ya kweli katika maeneo yenye GC nyingi, eneo la alfa likiwemo. Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ni kutazama urefu. Athari ya GC hufuata kila dirisha dogo na inaweza kuruka juu na chini ndani ya jozi-besi elfu kadhaa. Wimbi la ratiba hupanda na kushuka taratibu, kwa sababu uma mmoja hupita kote humo.

Uamuzi wa tatu ndio uliofungua fundo: kuacha kuwalinganisha watoto na Webuye, na kulinganisha kila kundi ndani yake. Mtoto kwa mtoto, mawimbi yalitoweka. Webuye kwa Webuye, mawimbi yalibaki, kwa baadhi makubwa na kwa wengine madogo. Chanzo basi kilikuwa upande wa ulinganisho.

Uthibitisho ulitafutwa kwa vipimo vinne, vyote kutoka mafaili yaliyokuwepo tayari:

- Vipande vya virusi vya Epstein-Barr. Jenomu rejea ya GRCh38 inayotumika kwa uchambuzi huwa na mfuatano wa ziada uitwao chrEBV, wa jozi-besi 171,823. Amri ya `samtools idxstats` huonyesha vipande vingapi vimeangukia hapo. Sampuli zote 12 za Webuye zilikuwa na vingi. Za watoto zilikuwa na vichache au sifuri. DNA nyingi ya 1000 Genomes imetoka kwenye limfosaiti B zilizofanywa zisife kwa virusi hivyo na kukuzwa maabara.
- Maeneo ya kingamwili kwenye kromosomu 2, 14 na 22. Limfosaiti B hukata na kupanga upya DNA yake hapo. Sampuli za Webuye zilionyesha mashimo ambayo watoto hawakuwa nayo.
- Kromosomu X. Kwa wanawake wa Webuye kina cha X kilikuwa chini kidogo ya autosomu, yaani kromosomu zisizo za jinsia, kama inavyotarajiwa X moja ikichelewa katika seli zinazokua. Kwa wasichana wagonjwa haikuwa hivyo.
- Ramani ya ratiba iliyochapishwa kwa seli za GM12878, ambazo pia ni limfosaiti B za namna hiyo. Vilele na mabonde viliangukia mahali pamoja na mawimbi ya Webuye.

Kipimo cha chrEBV huchukua dakika moja kwa faili. Kingefanywa siku ya kwanza, kisa kisingekuwepo.

Swali lililofuata lilikuwa: walinganishwe na nani? Pendekezo la haraka lilikuwa kutumia kiwango cha kati cha watoto wenyewe 24. Kwa mabadiliko adimu njia hiyo ni nzuri sana. Kwa alfa ni mtego wa pili: upungufu ukiwa kwa karibu nusu ya kundi, kiwango cha kati chenyewe kinaweza kuwa cha mwenye jeni tatu, halafu wenye nne wakaonekana wamerudufiwa. Timu ikachagua majirani. Kwa kila mtoto, kina cha jeni za alfa kiligawanywa kwa kina cha eneo linalozunguka kwenye kromosomu 16: jozi-besi 30,000 hadi 130,000 upande wa ncha, na 190,000 hadi 400,000 upande wa pili. Majirani hao wananakiliwa takribani saa ileile, hivyo ratiba hujikata yenyewe juu na chini ya mgawanyo, na GC yao haiko mbali. Mwishowe watoto wote 24 wakapimwa kwa PCR ya pengo, ambayo vianzishi vyake hutoa ukanda wa saizi fulani pale tu kingo mbili za kipande kilichokatika zikiwa zimeungana. PCR hiyo haijali kina wala ratiba, na inaweza kufanyika Mtwara kwa mashine ya kawaida na jeli ya agarosi.

Matokeo

PCR ilionyesha watoto 11 wana upungufu wa alfa: 9 wamepoteza jeni moja, 2 wamepoteza mbili. Watoto 13 walikuwa na jeni zote nne. Kati ya 20 wa orodha ya kwanza, basi, 9 walikuwa wameandikwa kimakosa. Njia ya majirani ilikubaliana na PCR kwa watoto wote isipokuwa mmoja, aliyekuwa na kina cha chini mno, na ambaye kwake PCR ndiyo iliyotumika. Kliniki ilipokea orodha iliyothibitishwa, na MCV za wale wenye upungufu zikaanza kusomwa kwa kiwango chao.

Uchambuzi

Inafaa kulifungua bonde la alfa namba kwa namba. Ratiba peke yake ingeshusha uwiano wa mtoto mwenye jeni nne hadi karibu 0.89, yaani 1 kugawanywa kwa 1.12. Udhaifu wa PCR kwenye GC nyingi ulishusha tena kwa asilimia 8 hivi. Ukizidisha 0.89 kwa 0.92 unapata 0.82. Makosa yote mawili yalivuta upande mmoja, na hiyo ndiyo sababu mtoto mzima kabisa aliangukia chini ya mpaka wa 0.85. Kelele ikaongezeka juu yake: kwa kina cha 6, jozi-besi 7,400 za jeni mbili hutoa vipande 300 hivi, na mtikisiko wa kubahatisha ni karibu asilimia 6. Ndiyo maana baadhi ya wazima waliponea juu ya mpaka na wengi wakaanguka.

Namba hizohizo zinaonyesha kilichokuwa kimelala mezani tangu mwanzo. Kama wazima walikuwa 0.82, wenye jeni tatu wangekuwa karibu 0.61 na wenye mbili karibu 0.41. Hayo ni makundi matatu yaliyotengana vizuri. Histogramu ya watoto 24, ikichorwa kabla ya kuweka mpaka, ingeonyesha vilima vitatu, na kilima cha kwanza kisingekuwa kwenye 1.0. Kilima kilichohama kwa watu wote kwa pamoja ni dalili ya ulinganisho mbovu. Ugonjwa hauwahamishi watu wote kwa kiasi kimoja. Mpaka wa 0.85 ulifukia habari hiyo, na kwa maoni ya waandishi hili ni kosa zito kuliko kuchagua Webuye, kwa sababu halihitaji ujuzi wowote wa ratiba ya kunakili ili kuepukwa.

Kuchagua Webuye kwa hoja ya ukoo kulikuwa na maana kwa aina nyingine ya kazi. Kama swali lingekuwa herufi ipi imerithiwa, ukoo ndio ungetangulia, na seli za maabara zingefaa. Kwa hesabu ya nakala swali linalotangulia ni seli zilikuwa zikifanya nini DNA ilipochujwa: zimepumzika, zinakua polepole, au zinakua kwa kasi. Damu ya mtu kutoka nchi ya mbali ingewafaa watoto wa Mtwara kuliko seli zinazokua za mtu wa jirani.

Upande wa watoto ulistahili wasiwasi wake, na timu iliuangalia. Haidroksiyurea huzuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA, hivyo hugusa hatua S moja kwa moja. Lakini hatua hiyo inatokea ndani ya uboho. Seli nyeupe zinazofika mshipani zimeshamaliza kugawanyika, na watoto waliokuwa kwenye dawa hawakutofautiana na ambao hawajaanza. Wagonjwa wa selimundu huweza pia kuwa na chembe nyekundu changa zenye kiini katika damu. Nazo nyingi zimeshaacha kunakili, na idadi yake haikutosha kuinua wimbi. Angekuwepo mtoto mwenye saratani ya damu, hali ingekuwa nyingine kabisa, kwa sababu damu yake ingebeba seli zinazogawanyika na wimbi lingetokea upande wa mgonjwa.

Kilichofanya kazi bila shaka ni kupeleka rasimu kwa mtu wa maabara kabla ya kuipeleka kliniki. MCV iliyoandikwa pembeni ilikuwa ushahidi dhaifu, wenye sababu nyingine kadhaa za kupanda, na hata hivyo ilitosha kusimamisha orodha kwa sababu ilitoka chanzo kisichoguswa na hesabu ya kina. PCR ya pengo nayo ilikuwa na thamani hiyohiyo ya kujitegemea. Ingekuwa timu imejithibitisha kwa programu ya pili ya kina, ikitumia Webuye walewale, ingepata jibu lilelile na kujiona imethibitika.

Jambo moja lilibaki wazi, na timu ililishughulikia kwa uangalifu wa kutosha. Katika kulinganisha Webuye kwa Webuye, eneo moja kwenye kromosomu lilionekana kuwa na kilima kwa watu wanne na bonde kwa wanane. Kishawishi cha kulitangaza kama tofauti ya kurithi ya ratiba kilikuwepo. Halikutangazwa. Watu 12 ni wachache, na kila sampuli ina sehemu yake ya seli zilizo katika hatua S, kwa hiyo kimo cha mawimbi hutofautiana hata DNA ikiwa sawa. Kwanza mawimbi yote yanapaswa kusawazishwa yawe na kimo kimoja. Kisha kilima kinapaswa kuendana na herufi fulani ya jirani kwa watu wengi. Halafu kuna kipimo kinachoshinda vyote, ndani ya mtu mmoja: kwa mwenye herufi mbili tofauti, nakala aliyorithi kwa mzazi mmoja inapaswa kuwa na vipande vingi kuliko ya mzazi mwingine, mfululizo kwa jozi-besi laki kadhaa, tofauti ikififia taratibu kadiri unavyoachana na kianzio. Mazingira ya seli ni yaleyale kwa nakala zote mbili, kwa hiyo kasi ya ukuaji haiwezi kulaumiwa. Ukikuta tofauti inakatika ghafla kwenye ukingo mkali, hicho ni kipande kilichopotea au kurudufiwa. Kwa kina cha 6 kipimo hicho hakiwezekani, kwani kila herufi hupata vipande vitatu tu. Mafaili ya awali ya kina cha 30 yanatosha kuanzia, mradi vipande vya herufi zote za nakala moja vijumlishwe pamoja katika madirisha ya jozi-besi 100,000, na timu imeyahifadhi kwa kazi hiyo.